Pedali huria za gitaa: Mpigaji anapojiandikia sauti yake

KWA muda mrefu mpiga gitaa wa Majoreni, Msambweni au Diani aliyetaka kuibadilisha sauti ya gitaa lake la umeme alikuwa na njia mbili tu. Angenunua pedali iliyoundwa na kampuni ya ng'ambo, au angeridhika na sauti aliyoikuta kwenye amplifaya ya kukodi.

Njia ya tatu imefunguka, nayo ni pedali huria. Hiki ni kifaa ambacho mchoro wa sakiti yake, msimbo wa programu yake, au vyote viwili, viko wazi kwa yeyote kuvisoma, kuvirekebisha na kuvinakili. Mwenye kifaa anaweza leo kukifanya kitoe mwangwi, kesho kikwaruze sauti, na keshokutwa kifanye jambo ambalo halimo katika orodha ya kiwanda chochote.

Suala hili haliwahusu wapenzi wa vifaa peke yao. Linagusa riziki ya wanamuziki wanaotumbuiza katika harusi, katika matanga na katika hoteli za Pwani ya Kusini. Aidha, linaibua swali zito zaidi: ni nani anayeamua gitaa la Mwambao lilie vipi?

Pedali na kazi yake

Gitaa la umeme halitoi sauti kubwa lenyewe. Chini ya nyuzi zake za chuma hukaa sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Nyuzi zinapotikisika, mkondo mdogo sana wa umeme huzaliwa ndani ya waya huo, ukasafiri hadi kwenye amplifaya, na huko ndiko unakokuzwa na kupelekwa kwenye spika.

Pedali huwekwa katikati ya safari hiyo. Huitwa hivyo kwa sababu mpigaji huiwasha na kuizima kwa mguu, maana mikono yake yote miwili ina kazi. Mkondo huingia upande mmoja ukiwa safi na kutoka upande wa pili ukiwa umegeuzwa: umekwaruzwa, umerudiwarudiwa kama mwangwi wa pangoni, au umepewa mvumo wa ukumbi mkubwa.

Umaarufu wa vifaa hivi ulitokana na ajali. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika studio mjini Nashville, Marekani, kifaa cha kurekodia kiliharibika na kulifanya gitaa la besi katika wimbo wa Marty Robbins lisikike likikoroma. Watu waliupenda ule mkoromo, na mwaka wa 1962 kampuni ya Gibson ikaanza kuuza pedali ya Maestro FZ-1, iliyotoa sauti ya namna hiyo kwa makusudi. Kundi la Rolling Stones lilipoitumia mwaka wa 1965, biashara ya pedali ilishika kasi.

Pedali hizo za mwanzo zilikuwa za analogia. Sauti yake iliamuliwa na transista, rezista na kapasita zilizolehemiwa ndani. Aliyetaka sauti nyingine alilazimika kubadilisha vipuri au kununua pedali nyingine. Ndiyo maana wapigaji wengi wa nchi tajiri huonekana jukwaani wakiwa na ubao wenye pedali nane au kumi miguuni.

Gitaa la Mwambao lina mahitaji yake

Majoreni imo katika eneo la Lungalunga, Kaunti ya Kwale, upande wa barabara iendayo mpakani na kisha Tanga. Ukanda huu una nafasi ya pekee katika historia ya gitaa la Afrika Mashariki.

Ndugu Wilson na George Peter Kinyonga walianzia muziki wao Tanga kabla ya kuvuka mpaka na kuunda Simba Wanyika nchini Kenya mwaka wa 1971. Kutokana na kundi hilo kulichipuka Les Wanyika mwaka wa 1978, lililovuma kwa wimbo Sina Makosa. Mwaka wa 1982, Them Mushrooms, kundi lililokulia Mombasa na kupiga katika hoteli za ufuoni, lilitoa Jambo Bwana, utunzi wa Teddy Kalanda Harrison. Kule Freretown, Mzee Joseph Ngala aliasisi bango, mtindo ambao hadi sasa ni nadra kukosekana katika sherehe za Pwani.

Muziki huu una tabia moja muhimu. Magitaa hayapigani, hujibizana. Solo hutangulia, ridhimu hushikilia, besi huhimiza kutoka chini, na msikilizaji hutarajia kulisikia kila gitaa kwa uwazi wake. Mkwaruzo mzito unaopendwa na wapiga roki huyafunika mazungumzo hayo. Mwangwi uliopangwa kwa mapigo ya roki nao huangukia pasipo pake na kuuvuruga mwendo.

Viwanda vya Marekani na Japani havikukosea. Vilitengeneza vifaa kwa ajili ya wateja vilivyowajua. Tatizo ni kwamba kifaa kilichofungwa hakimpi mpigaji wa Majoreni nafasi ya kusema, "Mimi nataka vingine." Humpa vitufe vitatu au vinne vya kuzungusha, basi.

Namba badala ya vipuri

Pedali ya kidijitali hufanya kazi kwa njia nyingine. Mkondo wa gitaa unapoingia, kifaa huupima mara nyingi kwa sekunde, kwa kawaida mara 48,000, na kila kipimo huandikwa kama namba. Kipimo kimoja huitwa sampuli. Chipu huzifanyia namba hizo hesabu, kisha huzigeuza tena kuwa mkondo wa umeme.

Hesabu zenyewe si za kutisha. Kukwaruza sauti ni kuweka mpaka: kila namba inayozidi kiwango fulani hukatwa irudi kwenye kiwango hicho. Kuitetemesha sauti ni kuzidisha kila namba kwa kipimo kinachopanda na kushuka polepole. Mwangwi ni kuziweka namba katika kumbukumbu, kuzingoja kidogo, kisha kuzijumlisha na zile zinazoingia.

Tuchukue mfano. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika huchukua nusu sekunde kwa kila pigo. Katika ngoma nyingi za Mwambao pigo hugawanywa mara tatu, hivyo kila sehemu ni moja ya sita ya sekunde. Kwa kipimo cha sampuli 48,000, sehemu hiyo ni sampuli 8,000 kamili.

Mwandishi wa programu anaweza kuagiza mwangwi wa kwanza urudi baada ya sampuli 16,000 na wa pili baada ya 24,000, kila mmoja ukiwa dhaifu kuliko uliotangulia. Gitaa litajijibu kwa mwendo wa ngoma yenyewe. Anaweza pia kuagiza mwangwi unyamaze mpigaji anapopiga kwa kasi na uinuke anapopumzika, ili sauti zisirundikane. Mistari michache ya msimbo hutosha. Anayeujua mwendo wa sengenya ya Wadigo, pamoja na nzumari na upatsu wake, ana la kuiambia pedali kuliko mhandisi wa mbali.

Wapo wanaohofia kuchelewa kwa sauti, yaani muda unaopita kati ya kupigwa kwa uzi na kusikika kwake. Chipu ikishughulikia sampuli 48 kwa mkupuo, mkupuo mmoja huchukua milisekunde moja tu. Sauti husafiri hewani takribani mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mpigaji aliyesimama mita tatu kutoka kwenye spika tayari huisikia kwa kuchelewa karibu milisekunde tisa. Pedali iliyoandikwa vyema haiongezi mengi juu ya hapo.

Uhuria ulikotoka

Wazo la programu huria ni la zamani kuliko pedali hizi. Mwaka wa 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa GNU, akidai kwamba mtumiaji wa kompyuta ana haki ya kuusoma na kuubadilisha msimbo anaoutumia. Leseni ya GPL iliyotokana na fikra hiyo ilitolewa mwaka wa 1989. Mwaka wa 1991 Linus Torvalds wa Finland akaanzisha Linux.

Kilichokosekana kilikuwa kompyuta ndogo na rahisi ya kuingia ndani ya kijisanduku cha pedali. Arduino, bodi iliyobuniwa Italia mwaka wa 2005, ilianza kuziba pengo hilo. Raspberry Pi ya Uingereza ikafuata mwaka wa 2012.

Upande wa muziki, Keith Barr, mmoja wa waasisi wa kampuni za MXR na Alesis, alibuni chipu ya FV-1 kupitia kampuni yake ya Spin Semiconductor. Programu yake haizidi maagizo 128, na kumbukumbu yake hubeba takribani sekunde moja ya sauti. Chipu yenyewe si huria, lakini zana za kuiandikia programu zilitolewa bure, na wapenzi wengi wa pedali walijifunzia hapo. Barr alifariki mwaka wa 2010.

Baadaye miradi iliongezeka. ElectroSmash ilitoa michoro na misimbo ya pedalSHIELD, inayokaa juu ya bodi ya Arduino, na ya Pedal-Pi, inayotumia Raspberry Pi Zero. Mwaka wa 2013 watu wa Rebel Technology mjini London walichangisha fedha za kuunda OWL, pedali inayopokea programu za mtumiaji. Mwaka wa 2014 ukaja MOD Duo, mradi ulioanzia Brazil chini ya Gianfranco Ceccolini na baadaye kuhamia Berlin. Hiyo ilikuwa kompyuta kamili ya Linux yenye umbo la pedali.

Mwaka wa 2020 kampuni ya Electro-Smith ya Marekani ilizindua Daisy Seed, bodi nyembamba isiyozidi urefu wa kidole, kwa bei ya takribani dola 30. Chipu yake hupiga mizunguko milioni 480 kwa sekunde. Ukigawa kwa sampuli 48,000, kila sampuli hupata mizunguko 10,000 ya kufanyiwa hesabu. Linganisha na maagizo 128 ya FV-1 na utaona umbali wa safari. Bodi hiyo ikiwa na kumbukumbu ya megabaiti 64, inaweza kuhifadhi zaidi ya dakika tano za sauti.

Asiyetaka kuanza na lugha ngumu kama C++ ana njia nyepesi. Pure Data, iliyobuniwa na Miller Puckette katika miaka ya 1990, humwezesha mtu kuunganisha visanduku kwa mistari kwenye skrini ya kompyuta. FAUST, lugha iliyobuniwa katika kituo cha GRAME mjini Lyon, Ufaransa, huandika hesabu za sauti kwa ufupi.

Kampuni ikifa, kifaa hakifi

Faida kubwa ya uhuria huonekana siku ya matatizo. Mwaka wa 2022 kampuni iliyounda MOD Duo ilifilisika. Kwa kawaida, kampuni ya vifaa vya kidijitali ikifunga milango, mteja hubaki na sanduku lisilo na mwenyewe: hakuna marekebisho ya programu, wala wa kuulizwa.

Kwa MOD mambo yalikuwa tofauti. Sehemu kubwa ya msimbo wake ilikuwa wazi, nayo jumuiya ya watumiaji ilikuwa nao mikononi. Kazi iliendelezwa chini ya jina la MOD Audio, na vifaa vilivyokwisha kuuzwa havikugeuka vyuma chakavu.

Kwa mwanamuziki wa Kwale funzo hilo lina uzito wa pekee. Kiwanda kilichounda pedali yake kiko maelfu ya kilomita mbali, na gharama ya kukirudishia kifaa inaweza kuizidi thamani ya kifaa chenyewe. Mchoro wa sakiti ukiwa wazi, fundi wa redio aliye karibu anaweza kuusoma, kupima kwa mita yake, kukitambua kipuri kilichoungua na kukibadilisha. Mchoro ukifichwa, fundi huyo huyo hubaki akikisia.

Kuna faida nyingine ambayo haijatiliwa maanani vya kutosha. Mradi huria wa Neural Amp Modeler, ulioanzishwa na Steven Atkinson, huifundisha kompyuta tabia ya amplifaya fulani. Sauti maalumu ya majaribio hupitishwa ndani ya amplifaya, matokeo hurekodiwa, na programu hujifunza tofauti kati ya kilichoingia na kilichotoka. Amplifaya kongwe zilizobeba muziki wa mabendi ya Pwani zinazidi kuzeeka. Kwa njia hii sauti yake inaweza kuhifadhiwa kabla valvu ya mwisho haijazima, kisha ikapigwa kupitia kompyuta ndogo.

Vikwazo visivyofichika

Pamoja na hayo, anayedhani pedali huria ni ya bure atashangaa. Zile dola 30 za wakati wa uzinduzi zilikuwa bei ya bodi pekee. Panahitajika pia sanduku la alumini, matundu ya kuchomekea waya za gitaa, vitufe vya kuzungusha, swichi ya mguu na sakiti ndogo ya kuingizia na kutolea sauti. Sakiti hiyo haikwepeki: mkondo wa gitaa ni dhaifu, na ukiunganishwa moja kwa moja na bodi sauti huwa nyembamba na kupoteza makali. Juu ya hayo yote kuna nauli ya kusafirisha mzigo, ushuru wa forodha na kodi ya VAT ya asilimia 16.

Umeme nao una mitego yake. Pedali nyingi hutumia volti 9, na ncha ya ndani ya kichomekeo chake ni hasi. Adapta nyingi za vifaa vya nyumbani zimepangwa kinyume, ncha ya ndani ikiwa chanya. Kuchomeka adapta isiyofaa kunaweza kuiunguza bodi papo hapo. Diodi moja ya bei nafuu, ikilehemiwa kwenye njia ya umeme, huzuia hasara hiyo. Hiki ni kipuri ambacho mwanafunzi hapaswi kukiruka.

Vilevile, pedali ya kidijitali hula umeme kuliko ile ya analogia. Betri ya volti 9 inayodumu kwa wiki nyingi katika pedali sahili ya mkwaruzo huisha kwa saa chache katika kompyuta ndogo. Mahali ambapo stima hukatika, mpigaji hana budi kuwa na chanzo kingine cha nguvu. Hewa ya chumvi pia huzila shaba na viungo vya risasi. Rangi ya kukinga sakiti na sanduku lililofungwa vyema huongeza maisha ya kifaa chochote kinachokaa karibu na bahari.

Kikwazo kikubwa zaidi ni maarifa. Maelezo mengi ya miradi hii yameandikwa kwa Kiingereza, na huchukulia kwamba msomaji anajua kulehemu na kuandika programu. Aliye na ujuzi mmoja kati ya hiyo huenda hana wa pili, na mpiga gitaa hodari anaweza kukosa yote miwili.

Hata hivyo, ujuzi huo si lazima ukae katika kichwa kimoja. Fundi wa redio anajua kulehemu. Mwanafunzi wa uhandisi, kwa mfano wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, anaweza kuandika msimbo. Mpigaji ndiye mwenye sikio. Kidole kimoja hakivunji chawa, na pedali huria imeundwa kwa kazi ya namna hiyo ya kushirikiana. Programu ikishakamilika ni faili ndogo, mara nyingi ndogo kuliko picha moja ya simu. Iliyoandikwa Mombasa inaweza kutumwa Majoreni kwa simu, ikahamishiwa kwenye kompyuta na kupandishwa kwenye pedali kwa waya wa USB jioni hiyo hiyo.

Huria si holela

Msomaji asichanganye uhuria na ukosefu wa sheria. Kila mradi huja na leseni. Leseni ya GPL huruhusu kunakili, kubadilisha na hata kuuza, ila humtaka anayesambaza toleo lake autoe msimbo wake kwa masharti yaleyale. Leseni ya MIT, inayotumiwa na maktaba za programu za Daisy, ni nyepesi: humtaka mtu aache jina la mwenye kazi na maneno ya leseni mahali pake. Kwa upande wa michoro ya vifaa, kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, kilitoa leseni yake ya vifaa huria mwaka wa 2011.

Maana yake ni kwamba fundi wa Kwale anayetaka kutengeneza pedali kumi na kuziuza anaweza kufanya hivyo kihalali, mradi asome masharti kwanza. Hahitaji kununua haki kutoka kwa kampuni yoyote. Asichoruhusiwa ni kutumia jina au nembo ya biashara ya mwingine, wala kuifungia kazi ambayo wenzake waliiacha wazi.

Kwa anayetaka kuanza, hatua ya kwanza haigharimu hata senti. Pure Data na FAUST hupatikana bure na hufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Mtu anaweza kurekodi gitaa lake, kulipitisha katika programu aliyoiandika, na kusikiliza matokeo kabla ya kununua bodi, sanduku au risasi ya kulehemu. Hatua ya pili ni kutengeneza sakiti moja sahili ya analogia, ili mkono uzoee. Bodi ya kidijitali ndiyo ya tatu. Wengi wanaoanza na hatua ya tatu huishia na kifaa kilichoungua na moyo uliovunjika.

Gitaa lenyewe lilikuja Afrika Mashariki likiwa chombo cha wageni, na vidole vya wenyeji vikalifundisha lugha nyingine. Vidole hivyo vilifanya kazi hiyo juu ya nyuzi. Pedali huria inaifungua sehemu ambayo hapo awali haikufikika, ile iliyo kati ya uzi na spika. Ikiwa wanamuziki wa Pwani ya Kusini watakaa nje ya sehemu hiyo, wengine wataendelea kuwaandikia sauti. Wakiingia, watakuwa na la kuongeza ambalo mafundi wa London, Berlin na Marekani hawana.